UJIRA WA MIKONO INAYOPAMBA

Maneno yaliyosomwa na akina mama wa hina, singo na kusuka mbele ya wanachama, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Katika sherehe kama hii wanachama wamezoea kusikia habari za korosho, ufuta, nanasi, nazi na mpunga, na hesabu ya magunia yaliyopita ghalani. Sisi tumekuja na habari ya kazi isiyopimwa kwa mizani. Nayo ni kazi ya kupaka hina, kusinga singo, kusuka nywele na kupamba maharusi, kazi ambayo hufanywa majumbani na wake zenu, binti zenu na dada zenu.

Yamkini yuko atakayeuliza: jambo hili lahusu nini ushirika wa wakulima? Jawabu letu ni kwamba lahusu kwa njia mbili. Kwanza, katika nyumba nyingi za wakulima wa pwani yetu, fedha ya hina ndiyo inunuayo chumvi, daftari la mtoto na dawa, katika miezi ambayo shamba halijatoa kitu. Pili, neno linalotusumbua sisi ndilo lile lile lililowafanya ninyi mkaunda ushirika, nalo ni neno la bei. Kila tutajapo ujira wetu twajibiwa: "Mbona fulani wa mtaa wa pili hutoza nusu ya hiyo?" Neno hilo ni fupi, lakini limewaondoa wengi katika kazi hii, na wengine limewatia katika hasara wasiyoijua. Twataka leo tulichambue mbele yenu.

KAZI YENYEWE NA MISIMU YAKE

Aonaye hina mkononi mwa bibi harusi huiona kwa muda mfupi, akasifu maua yake, akapita. Haoni kilichotangulia. Majani ya mhina huchumwa, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa hata unga uwe laini, kwa maana chenga moja tu yatosha kuziba mdomo wa koni na kuharibu ua zima. Kisha unga hukandwa kwa maji ya ndimu au chai nzito, ukaachwa saa kadhaa ili rangi itoke. Baada ya kupakwa, hina hukaa juu ya ngozi kwa saa nyingi. Ikibanduliwa huonekana ya rangi ya chungwa, nayo huendelea kukolea siku moja au mbili hata ikawa nyekundu iliyoiva. Ndiyo maana fundi mwema hupaka mapema kabla ya siku ya harusi, wala si asubuhi yake.

Singo nayo ina kazi yake. Waridi, asumini, mlangilangi, karafuu na liwa hukusanywa, hutwangwa na kulainishwa kwa marashi, kisha mwali husingwa mwili mzima, tena kwa siku kadhaa. Na kusuka ni kazi ya vidole na mgongo. Hata mtindo wa twende kilioni, ambao ni wepesi kuliko yote, huhitaji mtu aketi, achane, agawe nywele na afunge mwisho wake. Mitindo ya nywele ndogo ndogo huchukua mchana kutwa.

Kazi hii huenda kwa misimu, kama ilivyo ya shamba. Harusi hufuata mavuno, tena hufuata mwezi. Mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, na Mfungo Mosi, baada ya Idi, mikono yetu haitoshi. Kisha huja Ramadhani, huja na masika, na wiki hupita bila mtu kubisha hodi. Basi ujira wa siku moja ya Shaabani si wa siku ile peke yake. Unapaswa pia kumlisha fundi katika siku zisizo na kazi, kama gunia la mpunga linavyoilisha nyumba hata mavuno mengine.

KWA NINI WENGINE HUTOZA KIDOGO

Si haki kumwita mwenzetu adui kwa kuwa bei yake ni ya chini. Biashara haigombi. Yafaa kwanza tujue sababu ya bei yake, kwa kuwa watozao kidogo si wa namna moja. Tumewagawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni binti anayeanza kazi. Mafuta ya nazi ameyachota jikoni kwa mama yake, unga wa hina amepewa na shangazi, nauli amepewa na kaka, na saa zake hazihesabu. Akipata shilingi elfu tano huziona zote ni faida. Kwa kweli bei yake hailipi kazi yake. Hulipwa na shamba la baba yake. Siku atakapoolewa na kununua kila kitu kwa fedha yake, ataona kwamba bei ile haimlishi. Huyu haombi kushindwa. Aombacho ni kufundishwa hesabu.

Fungu la pili ni fundi mwenye saluni ya barabarani. Huyo analipa kodi ya pango na umeme, lakini huhudumia wateja watatu au wanne kwa wakati mmoja, wala hatumii muda wake njiani. Ni kweli kwamba kwa kichwa kimoja aweza kutoza kidogo na bado akapata riziki. Sisi hatuwezi kumshinda kwa bei, na si lazima tumshinde, maana tukiangalia sana twaona kwamba hatuuzi kitu kimoja. Mwali aliyewekwa ndani haendi barabarani. Mzazi mwenye mtoto wa siku kumi, bibi asiyeweza kutembea, mama mwenye eda anayetaka kuchanwa nywele kwa staha, hao wote hawaendi saluni. Sisi ndio tunaowaendea. Tunauza kazi ya mikono pamoja na safari, sitara na siri ya nyumba. Mwenye kulinganisha bei yetu na ya barabarani bila kuyahesabu hayo ni kama mtu alinganishaye bei ya nazi shambani Kaole na bei yake Kariakoo, kisha akasema mmoja wa wauzaji ni mwizi.

Fungu la tatu ni fundi atokaye Dar es Salaam. Barabara ya lami ya kama kilomita 70 imemleta karibu nasi. Vifaa vyake amevinunua kwa jumla Kariakoo, naye kwa safari moja hupamba nyumba mbili au tatu. Kwake twajifunza mambo mawili, nayo ni kununua kwa jumla na kukusanya kazi za mahali pamoja katika safari moja. Tutayarudia mambo hayo mbele.

Fungu la nne ndilo lenye hatari, nalo ni la yule apunguzaye bei kwa kupunguza usalama wa mteja. Hapa twaomba wazee wetu watege masikio.

PIKO LA DUKANI NA MADAWA MENGINE

Hina ya kweli haiwi nyeusi tititi katika nusu saa. Ikiwa fundi amepaka, na kabla chai haijapoa ngozi imekuwa nyeusi kama wino, basi hiyo si hina. Ni rangi ya nywele ya dukani, ambayo watu wa pwani wameipa jina la piko. Ni rahisi, hukauka upesi, haihitaji kutwangwa wala kulazwa. Mwenye kuitumia aweza kuwapaka wanawake kumi katika muda ambao sisi twampaka mmoja. Ndiyo sababu bei yake ni nusu.

Lakini katika rangi nyingi za namna hiyo mna dawa iitwayo parafenilenidiamini. Dawa hiyo yaweza kuunguza ngozi, ikatoa malengelenge yanayofuata maua yale yale yaliyochorwa, na kuacha alama kwa muda mrefu. Tena mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha yote, hata mtu akaja kuvimba uso kwa kutia rangi nywele zake miaka mingi baadaye. Nchi za Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, wala haziruhusu ipakwe ngozini. Kadhalika kwa krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni: hapa Tanzania vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku, na kazi ya kusimamia vipodozi imekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019.

Tena twaongeza neno moja kwa ajili ya watoto. Hata hina halisi isipakwe mwilini mwa mtoto mchanga. Wako watu, na wengi wao ni wa nchi zenye malaria kama pwani yetu, ambao damu yao ina upungufu wa kuzaliwa nao, na kwa mtoto wa namna hiyo hina yaweza kuvunja chembe za damu na kumtia hatarini. Mama akiomba, fundi amweleze kwa upole na akatae fedha hiyo.

Basi hapo bei ya chini ina mlipaji wake, naye ni ngozi ya binti yenu. Bibi harusi mwenye malengelenge siku ya kutolewa nje amelipa zaidi ya shilingi elfu kumi alizookoa.

LUMBESA YA MIKONO

Ndugu Wakulima, sasa tuwaombe radhi kabla ya kusema, kwa kuwa neno hili lawagusa ninyi.

Ninyi mwajua lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu, hata mnunuzi akachukua gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Mnailalamikia kila mkutano, na mna haki. Mwajua pia kangomba, yule mnunuzi wa korosho aendaye kwa mkulima mwenye dhiki kabla ya msimu, akanunua nje ya ghala kwa kipimo chake na kwa bei ya kutupa. Kwa ajili ya kuzuia dhuluma kama hizo ilipitishwa Sheria ya Stakabadhi za Maghala mwaka 2005, na mfumo huo ukaanza kutumika katika korosho za Mtwara mwaka 2007. Tena mwakumbuka kwamba ushirika wa wakulima wa pamba wa Usukuma, uliofikia kuunda Chama Kikuu cha Victoria mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, ulianza na malalamiko ya mizani ya wanunuzi.

Basi twauliza kwa adabu. Mwanachama atokaye hapa, aliyepiga makofi kwa nguvu neno la lumbesa lilipotajwa, akifika nyumbani kwenye harusi ya mwanawe humwambia nini fundi wa hina? Humwambia: "Mpake bibi harusi, na hao mashangazi watatu wapake kidogo tu, na hawa watoto watie vidole, bei si ile ile?" Ndugu zetu, hiyo ni lumbesa. Tofauti ni kwamba kilemba chake hakiko juu ya gunia, kiko juu ya mgongo wa mwanamke aliyeinama tangu adhuhuri. Na amwambiaye fundi mjane, siku asiyokuwa na unga ndani, "Chukua hii au uache, wako wengi," huyo ni kangomba, ijapokuwa amevaa kanzu ya harusi.

Hatusemi haya kwa kuwakasirisha. Twasema kwa sababu anayejua uchungu wa bei ya dhuluma ndiye apasaye kuwa wa kwanza kuikataa.

HESABU KABLA YA BEI

Lakini mteja hana lawama peke yake. Wengi wetu tukiulizwa, "Kwa nini elfu thelathini?" hatuna jawabu ila "Ndiyo bei." Na bei isiyo na jawabu huanguka kwa neno moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twaweka mbele yenu hesabu moja. Tarakimu hizi ni za mfano, kila mtu atie zake, lakini njia yake ni hiyo hiyo.

Tuseme hina ya bibi harusi, mikono hata viwiko na miguu hata juu ya vifundo:

Unga wa hina, ndimu, mafuta na koni: shilingi 6,000.
Nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi: shilingi 4,000.
Uchakavu wa vyombo na gharama ya simu: shilingi 1,500.
Akiba ya mteja asiyelipa au kazi inayovunjika: shilingi 1,000.
Saa 7, yaani 5 za kupaka, 1 ya njiani na 1 ya matayarisho, kila saa shilingi 2,500: shilingi 17,500.
Jumla: shilingi 30,000.

Sasa aje mteja aseme mwenzako hutoza 20,000. Ukikubali kazi ile ile kwa bei hiyo, ondoa gharama zako za 12,500; hubaki 7,500. Zigawe kwa saa 7, nawe umefanya kazi kwa shilingi elfu moja na kidogo kwa saa. Gharama hazikupungua hata senti moja. Kilichopungua ni ujira wa mikono yako peke yake. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini hesabu hiyo hiyo hutuonyesha na njia ya kutokea, nazo ni mbili.

Njia ya kwanza: ukipunguza bei, punguza na kazi. Mwenye 20,000 usimfukuze. Mwambie, "Bibi, kwa fedha hiyo nitakupaka mikono mpaka kiganja kiishie, na miguu pembeni tu." Hina itakuwa ya 4,000, nauli 4,000, vyombo 1,000, akiba 1,000, na saa 4 ni 10,000. Jumla ni 20,000 kamili. Mteja amepata hina nzuri ya kiasi cha mfuko wake, nawe saa yako imebaki 2,500. Heshima ya pande mbili imehifadhiwa.

Njia ya pili: kusanya kazi katika safari moja, kama afanyavyo yule wa Dar es Salaam. Tuseme bibi harusi umempunguzia, akatoa 25,000, kwa sharti kwamba wageni wake sita watapakwa mkono mmoja mmoja kwa shilingi 5,000 kila mtu, nao huchukua nusu saa kila mmoja. Mapato ni 55,000. Hina ya bibi harusi 6,000, ya wageni sita 4,200, nauli ile ile moja 4,000, vyombo na akiba 2,500. Jumla ya gharama ni 16,700. Hubaki 38,300 kwa saa 10, yaani shilingi 3,830 kwa saa. Umepunguza bei na bado umepata zaidi. Punguzo la namna hii ni la akili, maana limelipwa na safari moja iliyofanya kazi saba. Punguzo la woga halilipwi na mtu ila wewe.

TUSIPANGE BEI YA WATU

Wako waliotuambia, "Kaeni mafundi wote wa Bagamoyo, mpange bei moja, na atakayeshuka atengwe." Shauri hilo hatulikubali. Kwanza, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanya biashara wanaoshindana kupatana juu ya kupanga bei. Pili, kumtenga binti maskini kwa kuwa ametoza elfu kumi ni dhuluma juu ya dhuluma. Lililo halali na lenye faida ni kufanya kazi kama chama kimoja chenye mfuko mmoja na daftari moja, na kuwafundisha walio nje namna ya kuhesabu. Mtu akishaijua hesabu hatashuka chini ya gharama zake, wala hatahitaji kutishwa.

Hapo twakumbuka wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844. Walikuwa maskini, na jirani zao walikuwa maskini. Mtu angedhani wangeuza kwa bei ya chini kuliko maduka yote. Hawakufanya hivyo. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa kwa bei ya soko, lakini kwa kipimo cha haki na bidhaa isiyochanganywa, na ziada ilipopatikana wakaigawa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Duka lao lilisimama kwa sababu mteja aliliamini, nalo ndilo lililokuwa mfano kwa vyama vya ushirika duniani, mpaka Chama Kikuu cha Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933. Basi msingi wetu ni wa zamani: bei ya haki, kipimo cha haki, kitu halisi.

TULIYOKUBALIANA KUYASHIKA

Kwa hiyo tumekubaliana sisi kwa sisi juu ya desturi zifuatazo, nazo twazitangaza hapa ili mtukumbushe.

La kwanza, mapatano kabla ya kazi. Mji wetu wajua jambo hili tangu siku za misafara ya bara. Mpagazi aliyechukua mzigo wa frasila mbili hivi hakuuinua kabla ya kupatana ujira na posho. Nasi hatutafungua koni kabla ya kujua ni mikono mingapi.

La pili, arubuni. Bibi harusi atatoa theluthi ya ujira siku ya kuweka kazi, kwa mkono au kwa simu. Siku ya Shaabani iliyowekwa kisha ikavunjwa ni kama mbegu iliyoliwa na panya, haipandwi tena.

La tatu, nauli itajwe mbali na ujira. Mteja wa Dunda na mteja wa Makurunge hawawezi kuwa na bei moja, wala wa Dunda asimlipie wa Makurunge.

La nne, mkopo wa mavuno uandikwe. Twajua kwamba mkulima hupata fedha korosho zikiuzwa. Hatukatai kungoja, lakini jina, kiasi na mwezi vitaandikwa daftarini, na mwenye deni la msimu uliopita amalize kwanza.

La tano, kujaribu ngozi. Chochote kigeni kitapakwa kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono siku mbili kabla ya kazi. Piko la dukani hatutalipaka ngozini kwa bei yoyote.

La sita, sadaka ijulikane kuwa ni sadaka. Yatima akiolewa, au mjane asiye na kitu, tutampamba bure, na gharama itatoka katika mfuko wa chama na kuandikwa. Tusiifanye huruma kuwa bei, maana bei ikishashuka kwa jina la huruma haipandi tena.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi yetu ndiyo itembeayo nyumba kwa nyumba, basi yatupasa kuwa wangalifu mara mbili, mtu asije akaidhania kuwa ni kibaya. Na tukisifiwa tusiwe kama mgema, aliyetia tembo maji.

TUNAYOYAOMBA KWENU

Kwa Chama Kikuu twaomba mambo matatu.

Twaomba tuuziwe kwa jumla mafuta ya nazi na ndimu za wanachama, na wanachama wenye nafasi pembeni ya mashamba wapande mihina, tununue majani kwao kwa mizani. Hivi sasa unga mwingi hununuliwa dukani katika pakiti, na fedha hutoka wilayani mwetu. Wanawake wa Paje na Kidoti, huko Unguja, wametuonyesha njia: mwani ambao zamani uliuzwa mkavu kwa bei ndogo wanausaga na kuutia katika sabuni, ukauzwa kwa thamani kubwa zaidi. Mlingotini mwani upo, na nazi ipo. Sabuni na mafuta ya kusingia yaweza kutoka hapa hapa.

Twaomba karani wa hesabu atufundishe daftari la mapato na matumizi, siku moja kwa mwezi, na mabinti wanaoanza waalikwe, hata wale wanaotoza nusu ya bei yetu. Hasa hao.

Na twaomba maofisa watusaidie kuandika maombi ya mikopo ya Halmashauri. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi: 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kikundi chenye daftari safi huombewa kwa urahisi.

Kwa ninyi wanachama, kila mmoja nyumbani kwake, twaomba jambo moja tu. Fundi akija kumpamba mwanenu, msimwulize kwanza ni nani atozaye kidogo. Mwulizeni ametia nini katika hina yake, na atachukua saa ngapi. Akiwajibu vizuri, mlipeni ujira wake kama mnavyotaka ninyi mlipwe ghalani: kwa mizani ya haki, siku iliyopatanwa, bila kilemba.

Bwana Mwenyekiti, Chama Kikuu kimefundisha kwa miaka 10 kwamba jasho la mkulima lina bei, na kwamba bei hiyo hulindwa kwa hesabu na kwa umoja. Tumelisikia somo hilo, nasi twaomba lipite mlangoni, liingie hata uani, lifike na kwenye mkeka wa kusukia.

Twakitakia Chama Kikuu umri mrefu, maghala yaliyojaa na mizani iliyo sawa.